Bolti ya Saba

"Kuigusa sio kuikaza," alisema Fundi Mkono, na spana ilikuwa bado mkononi mwake, jambo ambalo halikuusaidia utetezi wake hata kidogo.

Karani alikuwa ametoka bafuni mbio, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni, kidole kimoja hewani. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana katika ua ule hata ukimeza mate chumba cha sita wanajua umekula nini, kwamba bolti kumi za injini yake alizikaza jana alasiri kwa kipimo, kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Leo mtu mzima, jirani, anangoja mwenye gari aingie kuoga ndipo ainamie injini ya watu. Alisema bolti iliyokwisha kupimwa ikishaguswa na mkono usio na kipimo imeharibika heshima yake, ni kama barua ya mtu umeifungua, ukaisoma, kisha ukaibandika tena kwa mate.

Fundi Mkono alimsikiliza mpaka mwisho. Akaipangusa spana kwenye suruali, akasema hajafungua barua ya mtu. Ile ya saba ameisalimia tu, na ya saba haikuitikia. Zile tisa ukiziwekea spana zinakujibu, zimekaza shingo kama askari. Ya saba imelala. Likiwashwa gari hivi lilivyo litavuja maji hapo hapo, na likifika kwenye ule mlima wa hospitali litachemka kama sufuria ya shemeji.

Shemeji mwenyewe alikuwa kizingitini kwake, ungo wa mchele mapajani, anatafuta mawe kwa bidii ambayo mchele ule haukuistahili. Huyu ndiye Mama Sufuria, mke wa Karani. Jina alilipata kwa sababu sufuria yake ilinyanyuliwa na watu wawili, na kwa sababu tangu ahamie pale hakuna aliyewahi kukatiza mbele ya mlango wake saa ya chakula akaendelea na safari. Nyumba yenye watu watatu aliihesabu kuwa tupu. Alipenda wageni, alipenda vicheko vya mezani, na zaidi ya vyote alipenda habari, hasa zile ambazo wenyewe hawajataka zitoke. Kwa ufupi, hakuwa na kifua.

Lakini asubuhi ile kifua alikuwa nacho, na kilikuwa kinamuua. Alijua kwamba bolti ya saba imelala. Alijua saa iliyolala na alimjua aliyeilaza, kwa kuwa ni yeye.

Tuanzie kwenye gari. Wiki tatu nyuma lilirudi likivutwa kwa kamba, moshi mweupe ukilitangulia. Gasketi, lile bamba jembamba linalokaa kati ya injini na kifuniko chake cha juu, ilikuwa imeungua katikati ya mlima. Gasketi hiyo aliifunga Fundi Mkono mwaka juzi, na aliifunga kama alivyofunga kila kitu maishani, kwa mkono. Kipimo kilikuwa humo humo kwenye bega lake. "Kaza mpaka ikatae," ndivyo alivyofundisha, "halafu iongeze moja ya heshima." Bolti zilizokatika kwenye ile moja ya heshima hakuzihesabu. Hizo zilikuwa mbovu tangu kiwandani.

Karani naye alikuwa karani kweli. Miaka thelathini na moja katika ofisi ya kumbukumbu, akigonga mihuri na kuhakikisha hakuna muhuri uliokaa upande. Gari lilipokufa alikisoma kitabu chake chote, pamoja na kurasa za namna ya kurekebisha kiti, akagundua kwamba bolti za kile kifuniko hazikazwi kwa nguvu peke yake. Unazipa nguvu kidogo kwanza, halafu unaizungusha kila moja nyuzi tisini kamili, robo ya duara, ili ivutike kidogo kama lastiki ya sketi na kubana kwa mvuto wake. Pungufu, maji yanapita. Zaidi, inakatika. Akaenda kununua kipima pembe.

Kilikuwa kitu kidogo cha duara, kama kisahani cha kikombe, kina namba kuanzia sifuri hadi mia tatu na sitini na mshale mmoja mwekundu. Unakichomeka kati ya spana na soketi. Unapozungusha spana mshale unazunguka nayo, na namba zinabaki zimetulia kwa sababu kisahani kina mkono mrefu wa waya unaoufunga mahali. Basi tangu kisahani kile kiingie uani hapakuwa na amani. Karani aliupima mlango wa chumbani, akaukuta unafunguka nyuzi sabini na nane, akataka kujua nani aliujenga. Alimweleza Msusi, mwenye saluni pale getini, kwamba kibao chake kimelala nyuzi nne na ndiyo maana wateja wake wanaondoka wamechoka shingo. Mkewe alipommiminia chai alimshika mkono taratibu, akamwambia birika limeinama kupita kiasi.

Fundi Mkono alikitazama kisahani siku ya kwanza, akauliza kama kinasoma pia homa. Kisha akanuna. Hakuondoka, hapana, angeondokaje na injini iko wazi? Kila siku aliketi juu ya ndoo yake hatua nne kutoka kwenye gari, akitazama kama mtu aliyealikwa harusi ya mchumba wake wa zamani. Kilichomuuma Mama Sufuria ni kwamba aliacha kula. Miaka tisa kila Jumamosi mchana Fundi alikuwa na kiti chake kwenye meza yao, na sasa Jumamosi mbili zilishapita akikaribishwa anajibu, "Nimeshiba, shemeji," huku tumbo lake linasikika hadi bombani.

Jana alasiri, sasa. Kitabu kilisema mkono wa waya ufungwe kwenye kitu kisichotikisika. Ncha yake ilikuwa na sumaku, lakini kifuniko cha injini kilikuwa cha aluminiamu na sumaku ikawa inateleza tu juu yake. Karani akasimama wima, akauangalia ua mzima. Palikuwa na nguzo ya kamba ya nguo. Palikuwa na bomba la maji. Palikuwa na ukuta. Katika vitu vyote hivyo alimchagua mke wake.

Alimpandisha juu ya kreti tupu la soda ubavuni mwa gari, akamshikisha ncha ya waya kwa mikono miwili, tumboni. "Usigeuke," alimwambia. "Hata nyumba ikiungua, nitazima mimi."

Mama Sufuria akaapa. Na bolti ya kwanza hadi ya sita alisimama kama nguzo iliyoajiriwa, macho kwenye tangi la maji, hata nzi alimwachia shavu. Karani akawa anavuta spana, anasoma kwa sauti, "themanini, themanini na tano, tisini, nzuri," kisha anaweka alama kwenye karatasi. Ndipo ikaja ya saba, na kwa bolti ya saba akaingia Msusi getini.

Msusi akija bure ndala zake zinapiga makofi. Akija na habari hazilii kabisa, anazikokota kwa vidole. Mama Sufuria alisikia kile kimya cha ndala nyuma yake. Kisha akasikia, karibu na sikio, maneno manne ya kwanza, "Dada, hujasikia la Mwenyekiti." Hakugeuza kichwa tu. Kama ni kichwa tu, hadithi hii isingekuwapo. Aligeuka mzima, tumbo, mikono na waya, kuelekea getini, na habari ikamwingia yote. Alipojikumbuka na kurudi kwenye tangi, mumewe alikuwa anasema, "Tisini, nzuri, twende ya nane."

Hakujua bado kwamba ameharibu kitu. Alijua wakati wa chakula, Karani alipoanza kumweleza, uso unang'aa kama wa kijana aliyefaulu mtihani, kwa nini alimtaka atulie. Ukisogea wewe, alisema, kisahani kinasogea na wewe, na mshale unaonyesha namba ambazo bolti haikuzitembea. Kinakuhesabu wewe badala ya bolti. Mama Sufuria alikabwa na tonge. Mumewe akampiga mgongoni, akamsifu kwamba fundi msaidizi kama yeye hajawahi kumwona.

Angesemaje sasa? Mwezi uliopita tu, kwenye kikao cha wapangaji kilichoitishwa kwa ajili ya umbea uliokithiri, alisimama mbele ya watu wote akatangaza kwamba habari za watu ameziacha kabisa, na kikao kikampigia makofi. Akikiri kuwa aligeuka ataulizwa aligeukia nini. Akijikausha, kesho saa mbili asubuhi gari litawashwa kwenda hospitali upande wa pili wa mlima kumchukua binti yao na mtoto wa siku nne. Mjukuu wa kwanza. Watapanda ule mlima wakirudi, jua limeshachomoza vizuri, na yule mtoto akiwa amefungwa kwenye khanga kiti cha nyuma, mvuke unaanza kutoka chini ya boneti.

Hayo ndiyo aliyokuwa anayachambua kwenye ungo. Mawe hayakuwapo.

Mabishano yalipofika mahali pa kuitana wazee na watoto, Mwenyekiti wa wapangaji alitoka chumbani kwake na daftari kwapani. Alikuwa mjane mwenye umri wa kutosha, mwembamba, nadhifu, mwenye masharubu meusi tii, na imani yake ilikuwa kwamba hakuna jambo chini ya mbingu lisilopatiwa ufumbuzi na kikao. Bomba lilipoacha kutoa maji aliitisha kikao. Paka wa chumba cha tano alipozaa aliitisha kikao. Alisikiliza pande zote mbili, akaandika tarehe, akasema suala limeeleweka. Kuna anayesema bolti imezungushwa, kuna anayesema haijazungushwa. Ua huu unaendeshwa kwa maelewano. Tutapiga kura.

Karani, mtu aliyenunua chombo ili asimtegemee hata bega la mwanadamu, alipaswa kukataa pale pale. Lakini aliangaza macho, akahesabu marafiki zake, akaona ni wengi, akasema hana pingamizi.

Mikono ikanyooshwa. Mpangaji wa chumba cha nne aliuliza kwanza bolti ni ipi, akaonyeshwa rejeta kwa bahati mbaya, akaipigia kura ya ndiyo. Msusi hakunyoosha upande wowote, alikuwa anachunguza kucha zake. Mama Sufuria aliinua mkono nusu, akajikuna nao shingo, akaurudisha kwenye ungo. Mwenyekiti alihesabu mara mbili. Saba kwa nne. Akatangaza kwamba kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi ile bolti ya saba imekazwa, na atakayeendelea kusema haijakazwa atakuwa anavuruga utulivu wa ua.

Watu wakaanza kutawanyika. Karani akaenda kuvaa shati kwa mwendo wa mshindi. Fundi Mkono aliiweka spana juu ya injini polepole, akainua ndoo yake.

"Sawa," alisema. "Na kesho mkifika kule, mpigieni kura na mlima." Akageuka kidogo, na hakuwa anauangalia mlango alioingia Karani, alikuwa anamwangalia Mama Sufuria. "Shemeji, mimi nimenuna, sikatai. Lakini huyo mtoto sijanuna naye."

Mama Sufuria aliuweka ungo chini. Mchele ukamwagika kidogo, hakuuokota.

"Niligeuka," alisema.

Karani alitokeza mlangoni, kifungo kimoja kimefungwa. Akauliza nani kageuka. Mkewe akasema yeye, jana, kwenye ya saba, na waya ulikuwa mikononi. Watu walingoja Karani aulize kwa nini, kwa sababu ndilo swali ambalo mume yeyote angeuliza. Karani akauliza:

"Uligeuka nyuzi ngapi?"

"Sikujipima, baba. Nilikuwa nasikiliza."

Hapo Fundi Mkono alicheka, kicheko cha wiki tatu, mpaka akaikalia tena ndoo. Alisema mtu kaambiwa afunge waya kwenye kitu kisichotikisika, na katika ua mzima, wenye nguzo, bomba na ukuta, akamchagua shemeji. Yeye jana alipoona hivyo alidhani ni sehemu ya kitabu.

Karani hakucheka, ila masikio yalimshuka. Alikaa juu ya kreti, akafikiri kama karani. Bolti haijaharibika, alisema mwishowe, maana imepungukiwa, haikuzidishiwa. Ikijulikana imepungukiwa kiasi gani, itaongezwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo lazima mke wake ageuke tena. Asimame pale pale, ashike waya vile vile, aingie Msusi vile vile, na safari hii spana ishikiliwe isisogee hata unywele. Namba zitakazopita mbele ya mshale ndizo zilizoibwa kwenye bolti.

Mwenyekiti alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Lilikuwa na utaratibu. Alifungua ukurasa mpya, akaamuru kila mtu arudi alipokuwa jana. Msusi alisema ameacha mteja saluni, kichwa kina povu. Mwenyekiti akasema mteja atangoja.

Wakajipanga. Fundi Mkono alichomeka kisahani juu ya bolti ya saba, akaishika spana kwa mikono miwili, akaizuia kama anazuia mlango wa choo. Karani akaurudisha mshale kwenye sifuri. Mama Sufuria akapanda kreti, waya tumboni, macho kwenye tangi. Msusi akatoka nje ya geti, akaingia, ndala kimya, akamkaribia sikioni.

"Dada," alisema, "mafuta ya nywele yamepanda bei."

Mama Sufuria alijitikisa kwa adabu. Karani akainama, akasoma. Nyuzi sita. Akanyanyuka akitikisa kichwa. Alisema hiyo siyo habari iliyomgeuza mke wake. Ameishi naye miaka ishirini na nane, mafuta ya nywele hayawezi kumgeuza.

Mwenyekiti alimkabili Msusi. Alimwambia kipimo hakiwezi kuwa sahihi kama chanzo chake kimebadilishwa. Arudie maneno yale yale, neno kwa neno, bila kupunguza wala kutia chumvi, kwa ajili ya kumbukumbu. Msusi akaomba amnong'oneze tu. Mwenyekiti akasema haiwezekani, hakuna kunong'ona kwenye kikao. Mama Sufuria, juu ya kreti, akasema kwa unyonge kwamba pengine nyuzi sita zinatosha. Mwenyekiti alimwonyesha kalamu, akasema kuna mtoto wa siku nne hapa, na aibu ya mtu yeyote haiwezi kuwa na uzito kuliko mtoto. Alilisema kwa moyo mkunjufu kabisa. Msusi alitazama mbinguni, akaona hakuna msaada, akatoka tena getini.

Aliingia. Ndala zilikuwa kimya kuliko jana.

"Dada, hujasikia la Mwenyekiti. Kila Alhamisi ananigongea mlango wa nyuma nimpake rangi masharubu. Anasema ni mafua, lakini ni kwa ajili ya yule mama wa duka la dawa. Ameshanunua vidonge vya kichwa mara kumi na moja na kichwa hakimuumi."

Mama Sufuria alikuwa ameshaisikia. Alijua neno gani linafuata neno gani, na aliapa moyoni kwamba hatageuka hata kidogo zaidi ya inavyotakiwa. Mwili haukumngoja. Ulizunguka wenyewe, tumbo, mikono na waya, kama mlango uliopakwa mafuta, na safari hii aligeuka na Mwenyekiti yuko mbele ya macho yake kabisa.

"Asirudi mtu, asirudi mtu," Karani alikuwa anasema, pua juu ya kisahani. Spana haikusogea. Mshale haukusogea. Namba zilikuwa zimetembea peke yake mpaka zikasimama. "Arobaini na moja."

Hakuna aliyekuwa anasikiliza hesabu. Kila mtu alikuwa anatazama masharubu ambayo kila mtu alikuwa ameyatazama mwaka mzima, na sasa yalionekana yanang'aa mno. Mwenyekiti alisimama na kalamu hewani. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameomba kumbukumbu na kumbukumbu imepatikana, akainamisha kichwa na kuandika. Mpangaji wa chumba cha nne aliyekuwa nyuma ya bega lake alisema baadaye kwamba aliandika hivi: *Bolti ya saba, pungufu nyuzi 41. Chanzo: upepo.* Akafunga daftari, akaenda kusimama karibu na bomba, mgongo kwa watu, akawa anaosha kalamu ambayo haikuwa chafu.

Mama Sufuria alishuka kwenye kreti. Hakuna aliyemcheka yeye, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa.

Kazi ikarudi kwenye injini. Fundi Mkono aliingia chumbani kwake, akatoka na plaizi ya kubana, akaishikisha ncha ya waya kwenye kipande cha chuma cha pembeni mwa injini ambacho kilikuwa pale tangu gari lizaliwe. Ikakaa kama imechomelewa. Karani akauliza mbona hakuyasema hayo jana.

"Jana ulikuwa na kitabu," Fundi alijibu.

Karani akasogea pembeni, akamwelekeza spana kwa mkono wazi, namna mtu anavyompisha mgeni mlangoni. Fundi Mkono akatema mate viganjani, akafumba macho makusudi, watu waone kwamba haangalii namba. Akavuta. Bega likapanda, likashuka. Bolti ikalia kidogo. Alivuta tena, akasikiliza, akaacha.

"Hapo imekubali," alisema, macho bado yamefungwa. "Ngapi?"

Karani alisoma, akapangusa kioo cha kisahani, akasoma tena. "Thelathini na tisa."

Wakatazamana. Nyuzi mbili. Ungehitaji jicho la mwewe kuziona, na katika nyuzi mbili hizo kulikuwa na wiki tatu za kununiana. Fundi Mkono angeweza kusema bega lake halikosei, Karani angeweza kusema kitabu hakikosei, na ua ungerudi kupiga kura. Fundi aliachia spana, akampa.

"Hizo mbili ni zako, mzee. Mimi pale huwa naongeza moja ya heshima, wewe ongeza zako za kitabu."

Karani akaongeza mbili, taratibu, kama anayegonga muhuri wa mwisho kabla ya kustaafu. Kisha alifanya jambo ambalo mkewe hakulitegemea. Alimwomba Fundi azisalimie zote kumi, bila kipimo, kwa mkono wake. Fundi akapita nazo, ya kwanza hadi ya kumi. Zote zikaitikia.

Waliweka mfuniko, mkanda, mafuta na maji wakiwa wanabishana, lakini ni ule ubishi wa zamani, ubishi wa kupeana spana. Saa nane gari liliwashwa. Lilikohoa, likatoa moshi wa kwanza, likatulia. Karani alitandaza chini yake karatasi nyeupe za ofisini, zenye nembo, ili tone lolote lijulikane. Wakaliacha lingurume mpaka likapata moto sawasawa, kisha Fundi akapiga magoti, akazitoa karatasi moja moja na kuziinua juani. Zilikuwa kavu.

Mama Sufuria aliziona kutoka jikoni. Akakaa kidogo juu ya gunia la mkaa, akalia machozi mawili matatu ya haraka, akayafuta, akawaita watu wawili waje kunyanyua sufuria.

Meza ikajaa. Wa chumba cha nne alikuwapo, wa chumba cha tano alikuja na kiti chake, Msusi alikuja na yule mteja, kitambaa kichwani. Fundi Mkono alisimama mlangoni kwa mazoea, akaanza, "Nimesh..." Karani akamvutia kiti kwa mguu bila kuacha kutafuna, na maneno mengine yakaishia hapo.

Bado palikuwa na nafasi moja. Mama Sufuria alitoka na mwiko mkononi. Mwenyekiti alikuwa bado bombani, amemaliza kuosha kalamu na sasa anaosha mfuniko wake. Rangi ya masharubu ilikuwa imeanza kuteremka kidogo kwa jasho. Alipomwona alinyoosha mgongo, akamwambia kwa sauti ya kikao kwamba lile azimio la mwezi jana kuhusu habari za watu bado linasimama.

"Linasimama," Mama Sufuria alikubali. "Na mimi nimelivunja, uniandike." Alingoja. Mwenyekiti hakuandika. "Lakini ungekataa yasisemwe, kesho ningekuwa juu ya mlima na mjukuu wangu kwenye mvuke. Hilo ninalijua, na binti yangu atalijua."

Mwenyekiti alikitazama kifuniko cha kalamu. Akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama watu wamecheka sana. Mama Sufuria akamwambia wamecheka kidogo, sasa wanakula. Mwenyekiti akauliza, sauti imeshuka zaidi, kama inaonekana ni rangi. Mama Sufuria aliyatazama masharubu kutoka kushoto, akayatazama kutoka kulia, na kwa mara ya kwanza tangu jana akachagua maneno kabla ya kuyatoa.

"Inakupendeza," alisema. "Ila upande mmoja umekaa chini nyuzi nne hivi. Karibu ndani, Mwenyekiti, chakula kinapoa. Na umpigie simu yule wa duka la dawa, afunge duka aje. Sufuria inatosha."